Waandishi wa tarikhi wa kale waliwaonaje wageni?

Kila baada ya muda kipande kilekile hurudi katika makundi ya WhatsApp: sentensi mbili tatu za msomi wa Kiarabu wa karne ya 10 kuhusu Wazanji, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Anayetaka kututukana huchagua sentensi isemayo kwamba mtu mweusi ana upungufu wa akili. Anayetaka kutusifu huchagua ile isemayo kwamba Wazanji walikuwa na wahubiri fasaha, na kwamba mfalme wao akidhulumu waliweza kumwondoa. Ubishi huchacha usiku kucha, na ni nadra mtu kutaja jambo ambalo lingeugeuza mjadala wote: maneno hayo ya aina mbili yametoka kwenye kalamu ya mtu mmoja, al-Mas'udi wa Baghdad.

Mtu mmoja aliwezaje kuandika yote mawili? Jibu lake linatusaidia pia kuelewa walichoandika watawa wa Ulaya kuhusu Waviking, Wahungaria na Waislamu, maana kazi ya kuandika tarikhi ilikuwa na taratibu zake, na taratibu hizo zilifanana kutoka Uingereza hadi Iraki kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Tarikhi ni maandishi yanayopanga matukio kwa kufuata miaka au tawala. Nyingine ni mistari michache tu kwa kila mwaka, nyingine ni vitabu vikubwa vyenye hoja. Mwanzo wa Zama za Kati ni kipindi cha takriban mwaka 500 hadi 1000. Katika Ulaya ya Magharibi waandishi wengi wa kipindi hicho walikuwa watawa na makasisi, kwa kuwa nje ya kanisa wenye elimu ya kuandika walikuwa wachache. Katika nchi za Kiislamu walikuwa wanazuoni, makarani wa serikali, wasafiri na wafanyabiashara. Na tunaposema mgeni hapa, tusimfikirie mtu aliyetoka mbali tu. Jirani wa ng'ambo ya mto aliweza kuwa mgeni kuliko mtu aliyevuka bahari.

La msingi ni kwamba mwandishi wa tarikhi hakuwa mwandishi wa habari. Hakutumwa kwenda kuona na kurudi na ripoti. Mara nyingi alikaa mahali pamoja, akakusanya barua, simulizi za wapita njia na vitabu vya wahenga, kisha akajiuliza: tukio hili lina maana gani katika mpango wa Mungu? Mgeni aliingia kitabuni akiwa sehemu ya jibu la swali hilo.

Mfano mzuri kuliko wote ni Bede, mtawa wa Jarrow kaskazini mwa Uingereza, aliyemaliza historia yake ya kanisa la Waingereza mwaka 731. Ninamtanguliza kwa sababu anavunja dhana iliyoenea sana, kwamba waandishi hawa walimpima mgeni kwa rangi yake au kwa umbali wa kwao.

Katika kitabu cha Bede yumo mtu aitwaye Hadrian, na Bede anamtambulisha waziwazi kuwa ni mzaliwa wa Afrika. Hadrian alikuwa mkuu wa monasteri karibu na Napoli, Italia. Papa alitaka kumfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, yeye akakataa na kumpendekeza Theodore, mtawa kutoka Tarso, mji uliomo katika Uturuki ya leo. Theodore alifika Uingereza mwaka 669, na Hadrian akamfuata baada ya muda mfupi. Wawili hao walifungua shule Canterbury wakafundisha Maandiko, ushairi, elimu ya nyota na hesabu za kalenda ya kanisa. Bede anasema kwamba hata wakati yeye anaandika, walikuwepo wanafunzi wao waliojua Kilatini na Kigiriki kama lugha ya mama. Anaongeza kwamba tangu Waingereza waingie katika kisiwa hicho hapakuwahi kuwa na nyakati njema kuliko zile. Mwafrika mmoja na mtu mmoja wa Mashariki ndio waliomfanya aandike hivyo, na hakuona haja ya kumwomba msomaji radhi kwa asili yao.

Sasa tazama anavyowaandika Wabritoni, mababu wa watu wa Wales. Hao walikuwa majirani zake wa karibu kabisa na Wakristo wa muda mrefu kuliko Waingereza wenyewe. Bede anawaita watu wasioaminika. Kisa ni kwamba walikokotoa tarehe ya Pasaka tofauti na Roma, na zaidi ya hapo, hawakuwahi kuwahubiria Waingereza Injili. Anasimulia vita vya Chester vya mwanzoni mwa karne ya 7, ambapo mfalme Mwingereza, Æthelfrith, ambaye bado alikuwa mpagani, aliwakuta watawa wa Kibritoni wa Bangor wakiliombea jeshi lao. Akaamuru wauawe kwanza. Kwa hesabu ya Bede walikufa watawa wapatao 1,200, wakaponea 50 kwa kukimbia. Msomaji wa leo angetarajia mtawa awalilie watawa wenzake. Bede anaona adhabu yao imetimia, kwa sababu walikuwa wamekataa onyo la Augustine, mmisionari aliyetumwa kutoka Roma.

Ukurasa huo unaumiza kuusoma, lakini unafundisha kuliko kurasa nyingi. Mpaka wa Bede kati ya wetu na wasio wetu ulipita kwenye kalenda ya Pasaka na utii kwa Roma. Hadrian yuko ndani, Mbritoni yuko nje. Hata hivyo mpaka wenyewe haukuwa ukuta: Waskoti wa Iona, kisiwa cha magharibi mwa Scotland ya leo, nao walikosea Pasaka kwa hesabu yake, ila Aidan, mtawa wao aliyekuja Lindisfarne, kisiwa cha pwani ya kaskazini mwa Uingereza, mwaka 635, anamsifu kwa upole na kwa kuwajali maskini. Na mfalme wake mwenyewe, Ecgfrith, alipotuma jeshi Ireland mwaka 684, Bede aliandika kwamba walioshambuliwa ni watu wasio na hatia ambao siku zote walikuwa marafiki wa Waingereza. Mwaka uliofuata Ecgfrith aliuawa na Wapikti, watu wa kaskazini mwa Scotland ya leo, na Bede akaona hapo mkono wa Mungu. Mgeni anaweza kuwa fimbo ya kuwachapia watu wa nyumbani, na watawa walijua kuishika.

Inakuwaje pale mwandishi asipomjua mgeni kabisa? Bede huyohuyo anawataja Wasarakeni, jina ambalo Wakristo wa Ulaya waliwaita Waarabu Waislamu. Hatuna dalili kwamba aliwahi kukutana na hata mmoja. Alichokuwa nacho ni Biblia. Kitabu cha Mwanzo kinasema kwamba Ishmaeli, mwana wa Hajiri, atakuwa kama punda-mwitu na mkono wake utakuwa dhidi ya watu wote. Bede akachukua aya hiyo akaitumia kuwaeleza Wasarakeni wa wakati wake na nchi walizoteka. Mlinganishe na Mkristo mwingine ambaye jina lake limepotea, aliyeandika tarikhi Hispania mwaka 754 akiwa chini ya utawala wa Waislamu. Huyo anawataja magavana wa Kiarabu mmoja mmoja kwa majina. Anamlaumu huyu kwa ulafi wa kodi, anamsifu yule kwa uadilifu, na pamoja na mwaka wa Kihispania anatumia pia miaka ya Waarabu katika kupanga matukio. Anaomboleza kuanguka kwa nchi yake kwa uchungu mkali, ila watawala wake wapya kwake ni watu, wema na wabaya. Ndiyo tofauti kati ya kumsoma mgeni kitabuni na kulipa kodi mlangoni kwake.

Waviking, mabaharia wa Skandinavia, wanahitaji muda kidogo, kwa sababu kuwahusu kuna makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kuamini kila neno la watawa. La pili, lililoenea sasa, ni kusema kwamba watawa walitunga na Waviking walikuwa wafanyabiashara tu waliosingiziwa.

Tarehe 8 Juni 793 watu kutoka kaskazini walivamia monasteri ya Lindisfarne, wakaua, wakapora na kuchukua mateka. Tarikhi ya Waingereza inasema kwamba mwaka huo kulitangulia tufani, radi, na majoka ya moto yaliyoonekana yakiruka angani, kisha njaa, ndipo wakaja watu wapagani. Angalia mpangilio huo. Joka, njaa na mgeni wamewekwa kwenye mstari mmoja, kama ishara tatu za hasira ileile. Alcuin, msomi Mwingereza aliyekuwa akimtumikia Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, aliandika barua kadhaa baada ya tukio hilo. Alinukuu maneno ya nabii Yeremia kwamba maovu yatatoka kaskazini, akawataka watu watubu. Humohumo aliteleza akatuachia ushahidi ambao labda hakuupa uzito: alimkaripia mfalme wa Northumbria, ufalme wa kaskazini mwa Uingereza ulimokuwa Lindisfarne, kwamba yeye na watu wake wanaiga wapagani hao katika mtindo wa kukata ndevu na nywele. Basi walikuwa wakijuana! Watu huwezi kuiga kinyozi wao usipokuwa umewaona mara nyingi, tena kwa amani. Na udongo wa Skandinavia umethibitisha biashara hiyo pana: makumi ya maelfu ya sarafu za fedha za Kiislamu, dirhamu, yamefukuliwa huko, hasa katika kisiwa cha Gotland.

Lakini biashara hiyo haimfufui mtawa aliyeuawa Lindisfarne, na sehemu yake ilikuwa biashara ya binadamu. Uvamizi ulitokea kweli. Walichochagua watawa ni namna ya kuusimulia, na hapo lipo jambo la kuangalia kwa makini. Mwaka 782, miaka 11 kabla ya Lindisfarne, Karolo Mkuu aliamuru Wasaksoni, watu waliouasi utawala wake, wauawe huko Verden, kaskazini mwa Ujerumani ya leo. Tarikhi ya kifalme ya Wafaranki inataja idadi ya 4,500, kisha inaendelea na habari ya mfalme kwenda kwenye makazi yake ya majira ya baridi. Hakuna majoka ya moto mwaka huo. Ukatili wa mgeni uliandikwa kama kiama, ukatili wa kwetu uliandikwa kama shughuli ya serikali.

Wahungaria wanatuonyesha utaratibu mwingine, wa kunakili. Walipoanza kuvamia Ulaya ya Kati mwishoni mwa karne ya 9 wakiwa juu ya farasi, Regino, aliyekuwa mkuu wa monasteri ya Prüm, alitaka kueleza ni watu gani hao. Akafungua kitabu cha kale cha Justin, Mrumi aliyewaelezea Waskithi, wapanda farasi wa karne nyingi kabla, akachukua maelezo yao akawavika Wahungaria. Kisha akaongeza kwamba wanakula nyama mbichi, wanakunywa damu na kumeza mioyo ya mateka wao kama dawa. Sote tumewahi kupokea picha ya ajali ya zamani iliyotumwa upya kama ya jana, mahali pengine, na maelezo mapya chini yake. Regino alifanya jambo la namna hiyo, isipokuwa yeye hakukusudia kudanganya. Kwa mtu aliyesoma shule ya Kirumi, kitabu cha wahenga kilikuwa na uzito kuliko macho ya mchunga kondoo aliyekimbia vita. Tena pale penye kula mioyo aliandika neno dogo la uaminifu: inavyosemekana. Wanaomnukuu leo mara nyingi hulikata neno hilo. Wahungaria wenyewe walishindwa vitani Lechfeld mwaka 955, wakawa Wakristo, na kufikia mwaka 1001 walikuwa na mfalme aliyetawazwa kwa baraka za Papa. Waliosemekana kula mioyo walikuwa sasa majirani wanaosali katika kanisa lilelile.

Yupo pia mtawa ninayemheshimu sana, Ratramnus wa Corbie, wa karne ya 9. Rimbert, kasisi aliyehubiri Skandinavia, alimwandikia kuuliza kuhusu watu wenye vichwa vya mbwa ambao vitabu vya kale vilidai wanaishi mwisho wa dunia: je, ni wana wa Adamu? Ratramnus hakuhoji kama wapo. Alihoji wanaishije. Inasemekana wanakaa vijijini, wanalima, wanafuga, wanavaa nguo kuficha uchi wao, wanashika sheria. Basi, akahitimisha, wana akili, na mwenye akili ni mwanadamu, hata sura yake ikiwa ya kutisha. Alikosea kuhusu vichwa. Kuhusu kipimo cha utu, wako watu wa karne ya 19 wenye darubini na vyuo vikuu ambao hawakumfikia.

Sasa turudi kwa al-Mas'udi. Alizaliwa Baghdad, akasafiri sana, akafa Misri mwaka 956. Alifika mwenyewe katika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanadhani ni Pemba. Safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria, sawa na 916 au 917. Anapoandika alichokiona au alichosikia kwa mabaharia wa Oman na wa Siraf, bandari ya Uajemi, kalamu yake ina vitu unavyoweza kuvishika. Kisiwani wapo Waislamu ambao lugha yao ni ya Kizanji. Wazanji hawana farasi, wanapanda ng'ombe. Wanatumia chuma kwa mapambo mahali ambapo wengine wangetumia dhahabu na fedha. Wanakula ndizi na nafaka. Pembe za ndovu zinakwenda Oman, kisha India na Uchina, na anaongeza kwamba bila ya biashara hiyo pembe zingejaa tele katika nchi za Kiislamu. Mfalme akidhulumu huuawa, na uzao wake hunyimwa kiti. Wapo wahubiri wanaosimama mbele ya watu na kuwausia kwa lugha yao wamtii Mungu.

Na ile sentensi ya akili? Hiyo hakuiokota Pemba. Anaitaja akimnukuu Galen, tabibu Mgiriki aliyekufa zaidi ya miaka 700 kabla yake. Wasomi wa Baghdad walirithi kutoka kwa Wagiriki nadharia kwamba dunia imegawanyika katika iklimu saba, yaani kanda kutoka kusini hadi kaskazini, na kwamba jua na baridi hupika tabia za watu: wa kusini huungua, wa kaskazini hubaki wabichi, wa katikati huiva sawasawa. Na katikati, kama unavyotarajia, palikuwa kwao. Kwa nadharia hiyohiyo al-Mas'udi aliwaandika Wafaranki na Waslavi, wazungu wa kaskazini, kwamba wana miili mikubwa, tabia za ukali, fahamu nzito na ndimi nzito. Mzungu wa karne ya 19 aliyemnukuu kuhusu Waafrika aliuruka ukurasa huo.

Nadharia hiyo ya iklimu haikuwa dhihaka tu isiyo na madhara. Katika karne ya 9 Wazanji wengi walikuwa watumwa katika mabwawa ya chumvi karibu na Basra, ambako uasi mkubwa ulizuka mwaka 869 ukadumu hadi 883. Aliyetuachia habari zake nyingi ni al-Tabari, mwanatarikhi wa Baghdad, ambaye humwita kiongozi wa uasi khabithi na adui wa Mungu. Kwa kalamu hiyo tunajua vita vilipiganwa wapi na siku gani, ila huwezi kutarajia ikueleze mtumwa mwenyewe alikuwa na lipi moyoni. Kabla ya uasi huo, al-Jahiz wa Basra aliandika risala ya kutetea fahari ya watu weusi, na ndani yake Wazanji wanawaambia Waarabu: ninyi hamjawaona Wazanji wa kweli, mmewaona mateka tu waliotoka fukwe na misitu ya Qanbalu. Sijui hoja iliyo bora zaidi dhidi ya kuhukumu taifa kwa watu wake walioletwa kwa minyororo.

Katika maandishi haya mgeni naye wakati mwingine hujibu. Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa aliyefika mto Volga mwaka 922, aliwaona Warusi wa wakati huo, watu wa asili ya Skandinavia. Akasifu miili yao, mirefu kama mitende, akachukizwa na uchafu wao, na akashuhudia maiti ya mkubwa wao ikichomwa ndani ya merikebu pamoja na kijakazi aliyeuawa. Mrusi mmoja alisema neno, Ibn Fadlan akamwomba mkalimani alifasiri. Lilikuwa hili: ninyi Waarabu ni wajinga, mnamchukua mtu mnayempenda kuliko wote mnamtupa ardhini aliwe na wadudu, sisi tunamchoma akaingia peponi saa ileile. Ibn Fadlan angeweza kulifuta. Aliliandika.

Hadithi ya mwisho inatoka katika mkusanyiko wa masimulizi ya mabaharia wa karne ya 10 unaohusishwa na nahodha Buzurg ibn Shahriyar. Chombo kutoka Oman kilipotea njia kikaangukia Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo. Mfalme wa Wazanji akawapokea wafanyabiashara vizuri, wakauza na kununua bila kusumbuliwa. Siku ya kuondoka alipanda chomboni kuwaaga, nao wakatweka tanga wakamteka, wakamuuza Oman. Miaka ikapita, chombo kikapotea tena njia ileile, wakamkuta mtu yuleyule kwenye kiti chake. Alikuwa amefika Basra na Baghdad, amesilimu, amehiji Makka, kisha amerudi kwao kupitia Misri. Akawasamehe kwa kuwa kosa lao ndilo lililomfikisha kwenye Uislamu, akawaruhusu kufanya biashara, ila kuwasindikiza hadi chomboni akakataa. Kama tarikhi ya mfalme fulani, simulizi hii haifai kutegemewa, imepangika mno. Kwa habari za mabaharia wenyewe ina thamani kubwa: wakiwa wao kwa wao, watu wa Ghuba waliofanya biashara ya binadamu walisimuliana kisa ambacho mwenye heshima ndani yake ni Mzanji, na wasioaminika ni wao.